Kisima cha samaki cha Ujiji: uchambuzi wa kisa kimoja cha asili ya Ziwa Tanganyika

Kisa hiki mara nyingi hufupishwa hivi: palikuwa na kisima cha siri, mwanamke akaitoa siri, maji yakafurika, likazaliwa Ziwa Tanganyika. Ufupisho huo umeacha safari ya Uvinza, umeacha karamu, umeacha mzimu, na umeacha tendo lenyewe lililoipasua ardhi. Aliyebaki ni mwanamke na mdomo wake. Hapa kisa kinachukuliwa kizima kama kilivyosimuliwa mwaka 1876 huko Ujiji, mji wa kando ya ziwa karibu na Kigoma, kinafunguliwa kiungo kwa kiungo, kisha yanaelezwa yale ambayo mwalimu wa fasihi, kikundi cha sanaa au mkusanyaji wa masimulizi anapaswa kufanya akitaka kukitafuta tena Ujiji na kwenye mialo ya Kigoma.

Kisa chenyewe

Zamani sana, pale yalipo maji, palikuwa na tambarare pana yenye makabila mengi, ng'ombe wengi na mbuzi wengi, kama ilivyo Uha, nchi ya Waha. Kwenye tambarare hiyo palikuwa na mji mkubwa uliozungushiwa boma la magogo marefu. Ndani ya mji kila nyumba ilikuwa na ua wake wa matete, na mifugo ililala humo usiku kwa kuogopa wanyama wakali na wezi.

Katika ua mmoja waliishi mume na mke waliokuwa na kisima kirefu. Maji yake yalibubujika toka chini na kutoa kijito ambacho ng'ombe wa majirani walikuja kunywa. Ndani ya kisima mlijaa samaki, kitoweo cha kila siku cha nyumba ile. Mwiko wake ulirithiwa baba kwa mwana: siku wageni watakapoonyeshwa kisima, wenyewe wataangamia. Majirani walikuwa wakinywesha mifugo yao bila kujua maji yale yametoka kwenye nini.

Mke alikuwa na hawara mjini. Akawa anampelekea samaki kwa kificho. Yule bwana hakuwa amepata kuonja nyama ya namna ile, nyeupe na tamu kuliko ya mbuzi au kuku, akauliza inatoka wapi. Mke akakwepa. Akaulizwa tena, akakwepa tena, mwisho akaahidi kwamba ipo siku atamwonyesha. Mume akapata safari ya Uvinza. Kabla ya kuondoka akaagiza: linda nyumba, nyamaza kuhusu kisima, usiingize mgeni, usiende kupiga soga kwa majirani. Saa chache baada ya mume kushika njia, mke akamwendea hawara wake, akamkaribisha nyumbani, akamwandalia pombe ya mchikichi na pombe ya ndizi, ugali wa mahindi, mawese yaliyotiwa pilipili, na samaki tele. Alipokwisha kushiba, yule bwana akaidai ahadi yake na kuapa kwamba mdomo wake utafungwa. Mke akamshika mkono, akampitisha kwenye ua wa matete, akamwonyesha.

Bwana akaketi ukingoni kutazama. Samaki wanafukuzana, wanageuza matumbo meupe, wanaibuka na kuzama. Mmoja, jasiri kuliko wenzake, akasogea hadi karibu na pale alipoketi. Mgeni akanyoosha mkono amkamate.

Hapo mzimu ukakasirika. Ardhi ikapasuka, tambarare ikadidimia hadi mahali ambapo kamba ndefu kuliko zote haifiki, kisima kikafurika na kulijaza lile pengo. Watu, nyumba, mashamba na mifugo vikaenda na maji. Mume alipomaliza shughuli zake Uvinza akarudi, akakuta milima asiyoijua, akaipanda, akatazama chini akaona ziwa. Akajua kilichotokea nyumbani kwake.

Kilisimuliwa lini, na nani akakiandika

Aliyekiandika ni msafiri na mwandishi Henry Morton Stanley. Alifika Ujiji mara ya pili mwishoni mwa Mei 1876, akalizunguka ziwa kwa mashua yake, Lady Alice, mwezi Juni na Julai, na mwaka 1878 kisa kikatoka London katika kitabu chake cha safari, kikitajwa kuwa cha Wajiji, yaani watu wa Ujiji. Matini ni ya Kiingereza, lakini maneno kadhaa ameyaacha yalivyo: muzimu, matete, ugali, na majina ya zile pombe mbili. Hayo yanatuonyesha kwamba kisa kilimfikia kwa lugha ya huku, na kwamba aliyesimulia hakuona haja ya kueleza matete ni nini.

Swali lililowakera wasafiri wa Ulaya wakati ule lilikuwa maji ya ziwa yanatokea wapi kwenda nje. Verney Lovett Cameron alikuwa amepita mwaka 1874 na kusema kwamba Mto Lukuga, upande wa Kongo, ndio mlango. Stanley alipofika Lukuga alikuta mlango umezibwa na matete na tope. Mtu anayezunguka akiuliza maji yanakwenda wapi hukutana na wazee wanaomweleza yalikotoka, na ndivyo ilivyokuwa: aliandika zaidi ya simulizi moja. Nyingine, aliyoipata kwa kiongozi wa njia Mjiji, haina mwanamke wala samaki. Inasema mto Luwegeri ulitoka mashariki, Lukuga ukatoka magharibi, maji yakakutana na kulijaza bonde refu. Mto huo, ambao ramani za leo huuita Luegele, bado unaingia ziwani kusini mwa mdomo wa Mto Malagarasi.

Kwa hiyo mwaka ule ule, katika mji ule ule, palikuwa na angalau njia mbili za kueleza ziwa: moja ya mito, moja ya kosa. Mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba “Wajiji wanaamini” hivi au vile tayari amepotea. Wajiji walikuwa na visa, na kila kisa kilikuwa na mahali pake pa kusimuliwa.

Jambo jingine la wakati ule ni kwamba ziwa lilikuwa likipanda. Stanley alikuwa amekuwapo Ujiji mwaka 1871 alipokutana na David Livingstone, na aliporudi alitazama alama alizozijua. Michikichi mitatu iliyokuwa imesimama sokoni mwaka 1871 sasa ilikuwa ndani ya maji, kama mita 30 kutoka ufukweni, na mchanga ambao yeye na Livingstone walikuwa wakitembea asubuhi ulikuwa umemezwa. Miaka miwili baadaye kizuizi cha Lukuga kilivunjika. Mmisionari Edward Hore alipokwenda huko mwaka 1879 alikuta maji yakitoka kwa kasi kuelekea magharibi, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka takriban mita 10.

Msikilizaji wa Ujiji wa mwaka 1876, basi, alikisikia kisa cha mji uliomezwa huku maji yakila soko lake. Hii haimaanishi kwamba kisa kilitungwa mwaka huo. Ila inaeleza kwa nini, kati ya visa vingi ambavyo mgeni angeweza kusimuliwa, hiki kilikuwa karibu na midomo ya watu. Mkusanyaji wa leo yuko katika hali inayofanana na hiyo, maana tangu 2020 maji yamepanda tena na kuvamia nyumba, mialo na sehemu za bandari kuzunguka ziwa. Swali la ziwa lilitoka wapi linajibiwa kwa moyo zaidi na mtu ambaye kizingiti chake kimelowa.

Viungo vinavyokifunga kisa na pwani hii

Ukitaka kujua kama kisa ni cha mahali fulani, acha kwanza tukio kubwa na utazame vitu vidogo. Mafuriko yako kila mahali duniani. Safari ya Uvinza iko hapa tu.

Uvinza iko kama kilomita 80 kutoka Ujiji ukipima moja kwa moja, mashariki na kusini kidogo, pale penye chemchemi za maji ya chumvi kando ya Malagarasi. Uchimbaji wa mambo ya kale uliofanyika huko miaka ya 1960 ulionyesha kwamba chumvi ilikuwa ikipikwa tangu karibu karne ya 5 au ya 6. Chumvi hiyo ilisambaa mbali sana kuelekea pande zote. Mwanamume wa kisa hiki anapokwenda Uvinza hakuna msikilizaji wa Ujiji anayeuliza amefuata nini. Na kwa kuwa mvua hufunika chemchemi kwa mafuriko ya mto, kazi ya chumvi ilikuwa ya kiangazi. Msikilizaji anajua ni msimu gani, anajua mume atalala njiani siku kadhaa kwenda na kadhaa kurudi, na anajua kwamba huko bara aliko ni juu, mbali na bonde. Kunusurika kwake hakukuhitaji muujiza. Kisa kimemweka mahali pa usalama kwa sababu ya kawaida kabisa: biashara.

Aliyefika Uvinza alikuwa pia ameona kwa macho yake maji yakitoka ardhini na kuwa mali. Kisima kinachobubujika na kulisha nyumba moja kinafanana mno na chemchemi ya chumvi yenye mwenyewe. Kwa maoni yetu hapo ndipo kisa kilipokopa umbo la kisima chake, ingawa hilo ni kisio la mchambuzi, na lisisomwe kama habari.

Chakula nacho kinasema. Mawese na pombe ya mchikichi ni Kigoma mtupu. Mchikichi ndio mti wa ukanda huu hadi leo. Ugali wa mahindi ni jambo jingine. Mahindi asili yake ni Amerika, yakaingia Afrika baada ya mwaka 1500, lakini kisa kinayaweka mezani kabla ziwa halijakuwepo. Wanafunzi hufurahi wakigundua hili na kutangaza kwamba kisa ni “cha uongo” au “cha juzi”. Yote mawili ni haraka ya bure. Mtambaji hupika karamu kwa vyakula ambavyo hadhira yake inavitamani usiku huo. Sahani inaonyesha kisa kilisimuliwa lini mara ya mwisho, na haisemi neno kuhusu mara ya kwanza. Ukikisikia leo chenye wali na soda, andika wali na soda.

Kisha kuna mwanamume asiyejua samaki. Soma kisa chumbani na utapita hapo bila kugutuka. Kisimulie Ujiji, mbele ya watoto waliokua wakiruka dagaa walioanikwa mchangani, wanaotenganisha mgebuka na kuhe kabla hawajajua kuandika majina yao, na kicheko kitakuja chenyewe: mtu mzima anauliza nyama nyeupe hii ni ya mnyama gani! Sehemu hiyo ni ya kuchekesha na iliwekwa pale ichekeshe, ili hadhira iwe imelegea mkono utakaponyooshwa. Ufupisho wa sentensi moja huiua kabisa.

Kamba isiyofika chini ni maneno ya wavuvi. Ziwa lina kina cha mita 1,470 penye kina kirefu zaidi, la pili duniani baada ya Baikal, na ukingo wake sehemu nyingi hushuka ghafla. Mtu aliyetupa kamba hatua chache kutoka nchi kavu na kuikosa ardhi anahitaji maelezo, na kisa kinampa.

Ama kupasuka kwa ardhi, hapa lazima tuonye. Ziwa limelala katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, na kisa kinasema ardhi ilipasuka na tambarare ikadidimia. Inavutia kudai kwamba wazee walihifadhi kumbukumbu ya kuzaliwa kwa bonde. Haiwezekani: umri wa ziwa hukadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 9 na 12, na hapakuwa na mtu wa kuhadithia. Kinachowezekana ni kwamba kila kizazi hapa kimetikiswa na tetemeko. Lile la tarehe 5 Desemba 2005, lenye ukubwa wa 6.8, lilisikika vizuri Kigoma. Mtambaji hakuhitaji kukumbuka mamilioni ya miaka. Alihitaji kukumbuka ukuta wake ulivyonguruma.

Mkono ulionyooshwa

Sasa tuje kwenye kosa. Kisa kina mivunjo mitatu ya mwiko, nayo imepangwa kwa ngazi. Kwanza samaki wanatoka nje ya ua kwa siri na kuliwa na asiye wa nyumba. Hakuna kinachotokea. Pili, siri inatamkwa na kisima kinaonyeshwa. Mwiko, kama ulivyotajwa mwanzo, unahusu hasa kuonyesha, kwa hiyo msikilizaji anashika pumzi. Bado hakuna kinachotokea. Tena mgeni anapewa muda mrefu wa kukaa na kutazama, na kisa chenyewe kinapunguza mwendo hapo kuliko mahali pengine popote. Tatu, mgeni ananyoosha mkono kuchukua. Hapo ndipo ardhi inapopasuka, papo hapo, katika pumzi ile ile.

Matini ya 1878 inamalizia kwa kumtwika mke peke yake maangamizi yote. Mwisho huo haulingani na mpangilio wa kisa. Kama ulimi wa mke ndio uliovunja dunia, maji yangetoka walipokuwa wakila, au alipolifungua ua. Hatusemi mke hana kosa. Alionywa na akavunja. Ila kisa kimeuweka mkasa kwenye mkono wa mgeni aliyekwisha kushibishwa, na anayekisimulia bila mkono huo anasimulia kisa kingine.

Uthibitisho mwingine unatoka ziwani kwenyewe. Stanley alipokuwa njiani kwenda Ujiji mwaka 1871 aliambiwa habari za Kabogo, mlima ng'ambo ya maji unaonguruma kama radi, mahali ambapo mitumbwi mingi ilipotea. Waliopita hapo, Waarabu na wenyeji, walitupa majini vitambaa na shanga nyeupe kumtuliza mwenye ziwa. Kanuni ni ile ile: kwenye maji yenye mwenyewe, unatoa kabla ya kupita au kuchukua. Hawara wa kisima amekula, amekunywa, ametazama, halafu anachukua, na mkononi hakuwa na hata ushanga.

Kulinganisha na visa vya maziwa mengine kunasaidia hapa, ila kusiwe kwa kupanga orodha. Ziwa Dilolo, Angola, lina kisa kilichoandikwa na Livingstone miaka ya 1850: mwanamke mwenye hadhi aliomba chakula kijijini, akanyimwa, akaimba, kijiji kikazama. Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay, Kenya, ni vivyo hivyo: bibi kizee mgeni akafukuzwa penye sherehe, usiku maji yakawafunika. Huko watu wanaangamia kwa kumnyima mgeni. Ujiji wanaangamia baada ya mgeni kupewa kila kitu hadi pilipili ya mawese. Karibu zaidi na Ujiji, kwa umbo, ni Lough Neagh ya Ireland, ambako kisima kilichoachwa bila kufunikwa kilifurika kikawa ziwa; lakini kule ni usahaulifu, hakuna mgeni anayetaka kujua chanzo. Katika faharasa ya Stith Thompson, inayotumiwa na wachambuzi wa ngano duniani kote, kisa cha Ujiji utakigawa kati ya A920.1, asili ya maziwa, na C420, mwiko wa kutoa siri. Namba hizo ni msaada wa kutafuta ndugu wa kisa. Hazikuambii kwamba huu ni mji wa misafara.

Na Ujiji ya karne ya 19 ilikuwa hivyo hasa. Pembe, chumvi, mawese na, kwa aibu, watumwa walipita hapo, na kila mgeni aliyekula kwenye nyumba ya mwenyeji alikuwa na swali lile lile la hawara: kitu hiki mnakitoa wapi? Kujua chanzo ndiko kulikokuwa mali. Tunakisoma kisa hiki kwanza kama kisa cha nyumba ya biashara iliyomwonyesha mgeni chanzo, na usaliti wa ndoa kama mlango alioingilia. Anayetaka kukisoma kinyume chake anaruhusiwa, mradi aeleze kwa nini maji yalisubiri mkono.

Kukitafuta tena

Matini moja ya 1878 haitoshi kuitwa mapokeo. Kazi iliyobaki ni kupata masimulizi ya sasa, na mengi huharibika kabla hata kinasa sauti hakijawashwa.

Chagua siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hutawanyika, taa haziwavuti, na wavuvi wa dagaa hupumzika karibu wiki nzima. Ukienda mialo ya Kibirizi au Katonga siku zisizo na mwezi utawakuta wanalala mchana na wako majini usiku. Saa nzuri ni baada ya isha. Mchana haufai kwa sababu mbili: injini za boti na jenereta zitakula sauti, na wazee wengi hawapendi kutamba hadithi jua likiwa juu. Mwezi wa Ramadhani uache upite.

Tafuta wasimulizi wasiopungua sita, wa njia tofauti: wa Ujiji mjini, wa mialoni, na wa bara upande wa Kasulu. Uliza ukoo umetoka wapi. Ujiji ina Waha, Wamanyema, Wabembe, Watongwe, Warundi na wengine, na nyumba iliyotoka ng'ambo inaweza kuwa na kisa chenye Lukuga ndani yake badala ya Uvinza. Wanawake wasikilizwe peke yao, na anayerekodi awe mwanamke. Kisa chenye hawara, bibi akikisimulia mbele ya wakwe zake, kitapunguzwa.

Usianze na kisa. Hili ndilo kosa linaloharibu zaidi kuliko yote. Mkusanyaji anasalimu, “Shikamoo bibi,” anaitikiwa marahaba, halafu anatoa: “Tumesikia kuna hadithi ya kisima cha samaki, mwanamke akatoa siri…” Bibi, kwa heshima ya mgeni, atamrudishia kile kile alichokileta. Uliza tu: “Bibi, hili ziwa wazee walisema lilitoka wapi?” Kisha nyamaza, hata kama kimya kitakuwa kirefu. Akimaliza, uliza alikisikia kwa nani, wapi, akiwa na umri gani. Mwisho kabisa uliza lile la ngazi za kuvunja mwiko, bila kumwekea jibu: “Maji yalianza kutoka wakati gani?” Ukiuliza “nani alikosea?” umeshampa mwanamke hatia kabla hajaitwa.

Simu ya kawaida inatosha kurekodi. Izime mtandao, chagua faili la sauti la aina ya WAV, la kilohezi 48 na biti 24, chaneli moja. Saa moja itachukua karibu megabaiti 520, kwa hiyo hakikisha una gigabaiti 4 zilizo wazi. Iweke sentimita 20 hadi 30 kutoka kinywani, juu ya kitambaa kilichokunjwa, kamwe si juu ya meza ambayo msimulizi anaipiga akisisitiza. Upepo wa kiangazi huvuma moja kwa moja kwenye maikrofoni, basi keti nyuma ya ukuta. Rekodi sekunde 30, sikiliza kwa spika za masikioni, ndipo uendelee.

Msimulizi akianza kwa Kiha, mwache. Tafsiri itafanyika baadaye kwa mistari mitatu: maneno yake, neno kwa neno, kisha Kiswahili cha kusomeka. Kwenye unukuzi usifute vicheko, viitikio vya hadhira wala marudio. “Akakwepa, akakwepa” ina kazi yake.

Malipo yana mtego. Sukari, majani ya chai, kilo mbili za mchele kwa nyumba, ni sawa. Ukilipa kwa idadi ya hadithi, hadithi zitazaana. Ridhaa irekodiwe kwa sauti mwanzoni, ikitaja wazi kama kisa kitachapishwa au kuigizwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, na biashara ya kisa cha jamii bila idhini inaweza kukuletea matatizo.

Utakutana pia na kisa kilichotoka kitabuni au kwenye simu na kurudi mdomoni. Dalili zake ni tatu: msimulizi anamtaja Stanley, samaki wanageuza matumbo meupe kwa mpangilio ule ule wa matini, na mwisho unamtupia mke lawama yote kwa sentensi moja nadhifu. Usikitupe. Kiandikie “kilichosomwa” na kukiweka kando ya vingine, maana hivyo navyo ndivyo mapokeo yanavyotembea siku hizi.

Faili lipewe jina lenye tarehe, mtaa na jinsia ya msimulizi, bila jina lake kama hakuridhia. Nakala mbili zitunzwe sehemu tofauti, na ya tatu irudi kwa msimulizi kwenye kadi ya kumbukumbu au simu ya mjukuu wake, kabla unukuzi haujaanza. Akiisikiliza mara nyingi hukumbuka kipande alichokiruka, na hicho nacho kirekodiwe kama faili jipya, kisiunganishwe na la kwanza.